Askofu Steere, Paa wa Sultani Darai na Paa la Mkunazini

Katika somo letu la Historia ya Kiswahili jina la Edward Steere hujitokeza mapema, yapata wiki ya tatu, kisha hutoweka. Wanafunzi huandika madaftarini mwao: "Steere, askofu Mwingereza, sarufi, 1870", nasi tunasonga mbele kuelekea Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Safari hii mambo hayakwenda hivyo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akauliza: ikiwa lugha hii ilifika kwetu na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na ikiwa sarufi yake iliandikwa na mgeni aliyejenga kanisa juu ya soko la watumwa, sisi Warundi tunaifundisha kwa fahari gani?

Tukiri kwamba hatukuwa na jibu la papo hapo. Tena swali hilo si la kupuuzwa hapa Bujumbura. Kila mtu anajua kwamba katika Kirundi kumwita mtu "umuswahili" si kumsifu. Ni kumwita mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Vilevile kila mtu anakumbuka, au amesimuliwa na wazee wake, jinsi Rumaliza wa Ujiji alivyotaka kupenya nchini mwetu na jinsi majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalivyomzuia. Basi tumeona heri kulijibu swali hilo kwa njia ndefu kidogo, yaani kwa kumtazama Steere upande ambao vitabu vya sarufi havimtazami: upande wa ujenzi.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Hakuanza na udini. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya uzamivu ya sheria mwaka 1850 akiwa na miaka 22, na mwaka huohuo akapokelewa kuwa wakili. Uwakili haukumshika. Akawa shemasi mwaka 1856, kasisi mwaka 1858, na mnamo 1862 akapewa parokia ndogo ya Little Steeping katika mkoa wa Lincolnshire, mahali ambapo angeweza kabisa kuzeekea bila ya mtu yeyote wa Afrika kulisikia jina lake. Lakini rafiki yake William Tozer aliteuliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati, naye akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulimalizika kaburini Unguja, mwezi wa Agosti 1882.

Misheni ilikuwa imeanza vibaya huko Zambezi na Shire, kwa homa na vifo. Tozer akaamua kuuacha mto na kuhamia Unguja, nao wakafika mwishoni mwa Agosti 1864. Muda si mrefu Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hawa ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la chini la ushemasi mwaka 1870. Wavulana hao hawakuzaliwa na Kiswahili. Walitoka bara, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kwanza waliyoweza kuitumia wote kwa pamoja. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Steere alikuwa mtu wa mikono. Mashine ya kuchapia ilipofika misheni, yeye ndiye aliyewafundisha vijana kupanga herufi, na kurasa zake za kwanza za Kiswahili zilichapwa palepale Unguja. Kati ya 1867 na 1871 alitoa vijitabu vya Kishambala, Kiyao na Kinyamwezi, navyo ni matunda ya kukaa na watu waliotoka huko bara. Mwaka 1870 vikatoka London vitabu viwili vilivyompa jina: mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Katika mwongozo huo alizigawa nomino katika makundi manane. Wanafunzi wetu wanaolalamikia ngeli wajue kwamba hesabu hiyo imebishaniwa tangu wakati huo hadi leo, na kwamba wao si wa kwanza kuumwa na kichwa.

Katika hadithi zile imo ya Sultani Darai, ambayo wengi wetu tuliisoma utotoni bila kujua ilitoka kitabu gani. Maskini anayepekua jaani anaokota sarafu, ananunua paa, na paa yule anampatia mke, nyumba na heshima. Paa anapougua, bwana wake aliyekwisha kutajirika hamjali, na anapokufa anatupwa kisimani. Kesho yake mtu yule anajikuta tena jaani akipekua. Hadithi hii haikutungwa na Steere. Alisimuliwa na watu wa Unguja, naye hakuficha kwamba kazi yake ilitegemea vinywa vya watu hao. Hata hivyo, sisi walimu tumezoea kusema "hadithi za Steere", na tukisema hivyo tumekwisha kumtupa paa kisimani.

Tuje sasa kwenye paa jingine, lile la ngeli ya LI-YA.

Ili kuelewa alichokifanya Steere, ni lazima kwanza kuelewa nyumba ya Unguja ilivyojengwa. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, zimeshikana kwa udongo mwekundu na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo mengi, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yaive. Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe, yakamwagiwa chokaa, yakapondwapondwa hadi yakawa kitu kimoja. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi, ila ni fupi. Kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu vyembamba: upana wake ni kama mita 2 na nusu hadi 3, kwa kuwa boriti haifiki mbali zaidi. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba, na madirisha, na nakshi za mlango, lakini upana alipangiwa na mkoko. Aliyetaka ukumbi mpana alipaswa kuweka nguzo katikati, au kuagiza mbao kubwa kutoka ng'ambo kwa gharama isiyo ndogo.

Kanisa kubwa haliwezi kujengwa kwa upana wa boriti.

Nafasi ilipatikana mwaka 1873. Steere alikuwa Uingereza tangu 1868 akishughulikia vitabu vyake. Alirudi 1872, mwaka ambao kimbunga cha Aprili kiliubomoa mji na kuing'oa mikarafuu mashambani. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kushinikizwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la Mkunazini. Wamisionari walipata kiwanja hicho. Sehemu ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka huohuo. Ramani ilichorwa na Charles Forster Hayward, msanifu wa London ambaye kwao anajulikana kwa hoteli ya Duke of Cornwall mjini Plymouth. Hivyo Hayward ndiye mwenye mchoro. Lakini mchoro ulikuwa London, na mawe, jua, mvua na mafundi vilikuwa Unguja. Mwaka uliofuata Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu, na kuanzia hapo hadi mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi, mpima, mhasibu, na mara nyingine fundi.

Kwa paa aliamua jambo ambalo watu wa mji waliliona la wazimu. Hakutaka boriti, hakutaka mbao. Alitaka tao moja refu kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, lenye kufunika kanisa zima kutoka ukuta hadi ukuta, la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji iliyoagizwa Ulaya. Leo tungeliita zege, neno ambalo katika kamusi zetu lina pia maana ya kuba, na mwanafunzi akitaka kuelewa kwa nini maana hizo mbili zinakaa katika neno moja, aende akalitazame paa la Mkunazini. Zege lilimwagwa juu ya mbao za kushikizia. Husimuliwa kwamba siku ya kuziondoa mbao watu walisogea kwa tahadhari, wakingoja lianguke. Halikuanguka. Kanisa lilifunguliwa siku ya Noeli ya mwaka 1879, nalo paa limeshikilia hadi leo bila boriti hata moja.

Nani alilijenga? Hapa vitabu vingi husema "Askofu Steere alijenga", kama tusemavyo kwamba Mwami fulani alilima. Waliobeba matumbawe, waliochoma chokaa, waliochanganya na kumwaga walikuwa watu wa Unguja, pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani ambao misheni iliwapa kazi na ujira. Majina yao hayamo katika vibao vya ukutani. Ila wameacha alama moja ambayo kila mgeni huonyeshwa: karibu na mahali pa ubatizo zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini, kitako kikiwa juu na kichwa kikiwa chini. Inasemekana askofu alikuwa safarini, naye aliporudi akakuta kazi imekwisha, akaziacha zilivyo.

Wageni hucheka wakisikia hayo. Sisi hatukuona cha kuchekesha sana. Fundi wa Unguja hakuwa amewahi kuona nguzo ya namna ile. Kwake nguzo ni kitu cha kubeba mzigo, na aliisimamisha ili ibebe. Imebeba kwa zaidi ya miaka 140. Kinachotuvutia zaidi ni uamuzi wa askofu wa kutozibomoa, naye alikuwa mtu mwenye kusahihisha kila herufi ya chapa. Pengine hakuwa na fedha za kurudia, na pengine alikuwa amechoka. Lakini msomaji wa mwongozo wake ataona tabia iyo hiyo: aliyoyasikia Unguja aliyaandika kama yalivyosemwa Unguja, hata pale ambapo hayakukubaliana na aliyoyatarajia.

Tusimpambe kupita kiasi. Uchaguzi wake wa Kiunguja ulikuwa na gharama. Krapf, aliyemtangulia, alikuwa amefanya kazi yake Mombasa na kukiandika Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka aliofariki Steere. Sarufi ya Steere ilifanyiwa marekebisho na Madan, aliyetoa kamusi zake mnamo 1894 na 1903, na njia hiyo ikafika hadi mkutano wa Mombasa wa 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wapo wenzetu wa Mombasa na Lamu ambao hawajausamehe uamuzi huo, na hoja zao zina uzito. Vilevile kabla ya Steere, na wakati wake, Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na walikuwa na barua na tenzi zilizohifadhiwa kwa mtindo huo. Herufi za Kilatini zilirahisisha kazi ya misheni na ya serikali, na zikawafanya wasomi wengi wa zamani waonekane kama watu wasiojua kusoma. Hayo nayo ni sehemu ya jengo.

Na katika usanifu, wengine waliomfuata walichukua njia tofauti. John Sinclair, aliyefunzwa usanifu Uingereza kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali huko Unguja, na ambaye kati ya 1922 na 1924 alikuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani, alichora Mahakama Kuu iliyomalizika 1908 na jumba la makumbusho la Beit el Amani la mwaka 1925. Yeye aliyapenda makuba meupe na matao ya Kiarabu, kiasi kwamba mgeni hudhani majengo hayo ni ya masultani. Sinclair alijenga kwa macho ya mtu anayeipenda picha ya Mashariki. Steere alijenga kwa shida aliyokuwa nayo: ukuta huu na ule viko mbali, mbao hakuna, mvua inakuja. Kwa maoni yetu ndiyo maana kanisa lake, lenye madirisha ya Kizungu na matumbawe ya Kiunguja, lina ukweli fulani ambao Beit el Amani, kwa uzuri wake wote, haina.

Mwanafunzi anayekwenda Unguja ajihadhari na baadhi ya masimulizi. Ataambiwa kwamba madhabahu ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Hii ndiyo kumbukumbu ya kanisa lenyewe, na kaburi la Steere liko nyuma ya madhabahu hiyo. Ataambiwa pia kwamba Barghash alitoa saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa Beit al-Ajaib. Huenda, ila akumbuke kwamba Beit al-Ajaib lilikamilika mwaka 1883, baada ya Steere kufariki. Ataonyeshwa na vyumba vya chini karibu na kanisa, na kuambiwa kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa. Wanahistoria kadhaa wametia shaka, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni na ni la baadaye. Shaka hiyo haipunguzi hata chembe ya ubaya wa soko lile. Watu waliuzwa pale, na hilo halihitaji chumba cha giza ili liaminiwe.

Turudi kwa yule mwanafunzi wetu. Badala ya kumjibu kwa hotuba, tuliligawa darasa katika vikundi, tukavipeleka Buyenzi na Kamenge wakaongee na mafundi waashi, kila kikundi na orodha ya maneno ya ujenzi. Walirudi na madaftari yaliyojaa. Saruji huko ni "sima", zege ni "beto", na nondo ni "ferabeto", maneno yaliyopita kwa Wabelgiji na Kifaransa chao. Lakini matofali ni matofali, dirisha ni dirisha, fundi ni fundi, na hata katika Kirundi safi cha milimani, mahali ambapo hakuna Mswahili hata mmoja, mtu husema "itafari", "idirisha" na "umufundi". Mzee mmoja mwashi aliwauliza wanafunzi kwa nini wanaandika maneno ambayo kila mtu anayajua. Mmoja akamjibu, "Baba, tunatafuta yametoka wapi." Mzee akasema yametoka kwa baba yake aliyemfundisha kazi, na baba yake alifundishwa Ujiji.

Yule aliyeuliza swali alikuwa katika kikundi hicho. Katika ripoti yake aliandika kwamba wavulana watano wa Sultani Majid na mzee wa Buyenzi wanafanana kwa jambo moja: wote waliikuta lugha hii mahali pa kazi, kati ya watu wa lugha nyingine, na hawakumwomba mtu ruhusa ya kuifanya kuwa yao. Tulimpa alama nzuri. Chini ya ripoti tulimwandikia pia kwamba hajaligusa suala la soko la watumwa, na kwamba asiliache.

Ameomba kuliandikia tasnifu yake. Tumekubali, kwa sharti kwamba aanzie na watu waliochoma ile chokaa.